Karai la Dawa Kibandani Kwangu

Mngekuwa mimi, kweli hamngekasirika? Wateja wameharisha, na mtaa wote wa Shauri Moyo unasema ni matumbo ya ng'ombe ninayowapikia! Mimi, ambaye kibanda changu kinanukia klorini hadi barabarani!

Nikajua tu mchawi wangu ni Mutiso, anayeniuzia matumbo. Nikamwita afisa wa afya mwenyewe, nikamwita na Mutiso, mbele ya wateja wa saa saba. Nikatoa kitambaa kwenye karai langu la maji ya klorini, nikapangusa meza zote kwa madaha.

"Mkague huyu Mutiso!" nikamfokea afisa.

Afisa akainamia karai. "Mama, maji haya umebadilisha lini?"

"Nibadilishe ya nini, na kila asubuhi natia kifuniko cha dawa? Husikii harufu?"

"Harufu haiui kitu. Mafuta na uchafu vimemaliza nguvu ya dawa. Vijidudu vikionjeshwa dawa hafifu kila siku, vinavyobaki ni vile sugu, visivyokufa kwayo. Osha kwanza kwa sabuni, suuza, ndipo utumie dawa mpya kwa kipimo cha kwenye chupa. Iache ifanye kazi, kisha meza ikauke."

"Kwa hivyo matumbo ya Mutiso..."

"Matumbo umeyachemsha yakaiva. Shida ni hicho kitambaa ulichotupangusia meza."

Wateja, mmoja baada ya mwingine, wakaviondoa viwiko vyao mezani, nami nikabaki na kitambaa mkononi, maji yake yakinidondokea viatuni.