Mtoto Aliyeombwa Katogota

Mwaka huu nilirudi Uvira kwa harusi ya binti wa mama mdogo. Wageni walipokuwa bado wanakula, mimi tayari nilikuwa nyuma ya nyumba, mikono ndani ya masufuria, kitenge changu cha sherehe kimelowa. Sijui kukaa kama mgeni.

Nililelewa hapahapa mjini, mtaa wa Kasenga, na nyanya, mama yake mama. Wazazi wangu walilima mpunga kijijini Katogota na ndugu zangu wote wakiwa nao; mimi peke yangu ndiye niliyekaa mjini. Unajua mtoto anavyojitafutia sababu. Yangu ilikuwa hii: nilikuwa wa ziada. Basi niliamka mapema nikateka maji, nikatwanga sombe, majani ya muhogo, mpaka viganja vikatoka malengelenge. Tulianika ndagala, dagaa wa ziwa letu, mchangani, harufu yake ikatufuata hadi kanisani. Nyanya hakuwa mtu wa maneno matamu. Lakini ndagala zikikauka vizuri aliwaambia majirani, “Huyu mutoto iko na faida.” Nililala na neno hilo kama wengine wanavyolala ubavuni mwa mama zao.

Nikakua nalo, nikaolewa nalo. Mume wangu akinyamaza kidogo, nafua mapazia. Nikiugua, naogopa nitarudishwa kwetu.

Siku hiyo ya harusi mama mdogo akanifuata kwenye masufuria. “Weye, nani anakukimbiza? Kaa!”

Nikamweleza yote, nikichekacheka ili yasiwe mazito. Yeye hakucheka.

“Nani alikudanganya? Nyanya yako mwenyewe alikwenda kukuomba Katogota. Ulikuwa mugonjwa, hata shingo haisimame, mama yako alishakata tamaa. Akakubeba mu mugongo mpaka hapa, akakuhangaikia mpaka ukapona. Wakati ile, ulimufanyia kazi gani?”

Nilikaa, nikasimama, nikakaa tena.

Jioni nilishuka ziwani. Maji yalikuwa yamepanda, yamefunika mchanga wetu wote. Nyanya alishafariki, na kwenye kiwanja chake kuna nyumba ya matofali, ya watu nisiowajua. Mama na baba nao walifariki bila kunigusia habari hiyo. Nilirudi mbio kwa mama mdogo, nikamsihi anisimulie tena: nyanya alivaa nini siku ile, alisema nini aliponipokea mikononi?



“Nimesahau, mwanangu,” akasema.

Na hapakuwa na mwingine wa kumuuliza.