Pombe Aliyoleta Baba wa Ubatizo

Ndugu yangu, mtoto wa mama mdogo, alirudi kutoka mashamba ya tumbaku ya Tanzania akiwa amevaa suruali ya mtu mwingine. Wakubwa wa ukoo walimwuliza maswali ya heshima: kama amekula, kama njia ilikuwa salama, kama habari za kifo cha baba yake zilimfikia huko. Mimi nilikaa kwenye kiti cha plastiki nikiitazama ile suruali iliyoishia juu ya vifundo vya miguu, na nikauliza ni ya nani. Alijibu bila kukasirika kwamba alipewa na mfungwa mwenzake siku aliyotoka gerezani.

Hivyo ndivyo tulivyojua kwamba alikuwa gerezani. Mama mdogo, aliyekuwa anachambua ndagala kwenye ungo, aliacha mikono yake ndani ya samaki. Halafu akanigeukia mimi, si yeye. Alisema nimesoma mpaka siwezi kuona nguo ikipita bila kuiuliza jina la baba yake.

Nilikuwa nimemaliza sheria chuo kikuu na kupata nafasi ya kujifunza kazi kwa avoka mmoja, yaani wakili, mwanamke mkali mwenye ofisi ndogo mtaa wa Rohero juu ya duka la vitambaa. Kesi zake nyingi zilikuwa za mashamba na talaka, lakini alikuwa na chache za watu waliosafirishwa kwenda kufanyishwa kazi nchi jirani au mbali zaidi, na hizo ndizo nilizosoma hadi chai ikapoa. Zilinishangaza kwa sababu hazikufanana na nilichofundishwa. Darasani kulikuwa na mhalifu, mwathirika na mpaka katikati yao. Katika mafaili ya avoka, watu walisindikizwa na mama zao, wakabeba mabegi yao wenyewe, wakaaga.

Ndugu yangu pia alisindikizwa. Aliyempeleka alikuwa baba yake wa ubatizo, mfanyabiashara wa mawese pale Ruziba, mtaa wa kina mama mdogo, mwenye sauti nzito kwenye kwaya, aliyemshika mbele ya padri akiwa mtoto mchanga. Alimchukua na vijana wengine, akawavusha mpaka wa nchi kwa njia za miguu, kupitia mtoni, akawakabidhi kwa mwenye shamba upande wa Kasulu. Msimu ulipoisha na vijana wakaomba ujira wao, mwenye shamba alipiga simu polisi, wakakamatwa kwa kuingia nchini bila kibali. Haya niliyapata kwa ndugu yangu kwa vipande, wiki baada ya wiki.

Jambo lililonisumbua ni kwamba ndugu yangu huyu mmoja alikuwa na sura tofauti kulingana na mahali ulipomtazamia. Mahakama ya kule ilimjua kama mhalifu aliyetumikia kifungo. Avoka wangu alisema sheria yetu inamwita mwathirika. Na Ruziba, kwenye kibanda cha kuchaji simu, walimwita Mutanzania, wakimwuliza kama mabati aliyoahidi kumjengea mama yake yako njiani au yamekwama kwa kukosa mafuta ya lori. Yeye mwenyewe hakutaka jina lolote kati ya hayo. Neno mwathirika ndilo lililomuudhi kuliko yote. Alisema limekaa kama ugonjwa.

Nilimshawishi twende parke, ofisi ya mwendesha mashtaka. Mafuta yalikuwa hayapatikani mjini, kwa hiyo alitoka Ruziba kwa miguu na mimi nikatoka Kamenge, ninakoishi, kwa miguu, tukakutana katikati, karibu na soko la zamani lililoungua, wote wawili tukiwa na vumbi hadi magotini. Mwendesha mashtaka alitupokea vizuri. Alimwuliza kama alilazimishwa kuondoka. Akasema hapana. Kama alidanganywa? Akasema aliambiwa kuna kazi, na kazi ilikuwapo. Karangamuntu yake, kitambulisho chetu cha taifa, iko wapi? Akasema ilipotea. Mwendesha mashtaka aliweka kalamu chini na kunitazama mimi, kwa huruma kidogo, kama mtu aliyeletewa kuku asiye na miguu na kuambiwa amkimbize.

Njiani tukirudi nilimwuliza ndugu yangu kwa nini hakutaja hata jina la aliyempeleka.

"Dada, yule alinishika mbele ya padri. We unataka nimushike mbele ya polisi?"

Nilisema ndiyo, ndicho hasa ninachotaka. Akacheka, akaongeza mwendo.

Ningeweza kuliacha hapo, na avoka alinishauri niliache, mpaka ndugu yangu atakapokuwa tayari. Lakini mdogo wake alikuwa amemaliza shule bila kupata kazi, na alikuwa ameanza kuonekana nyumbani kwa yule mfanyabiashara. Siku ya kuondoa msiba wa baba yao ilikuwa inakaribia. Ikasikika kwamba baada ya sherehe hiyo, Jumatatu, yule kijana ataondoka na kundi jipya kwenda shamba lilelile. Ndugu yangu, yule mkubwa, alimwambia asiende, lakini hakutaka kueleza sababu, na mdogo alichukulia kwamba anaona aibu ya kurudi mikono mitupu na sasa anaogopa kupitwa. Begi lilikuwa limeshafungwa. Nililiona nyuma ya mlango.

Basi nilikwenda kumwona baba wa ubatizo mwenyewe. Sikwenda kumtisha, nilitaka kujua anafikiri nini. Alinikaribisha sebuleni, akaagiza soda, akaifungua mbele ya macho yangu kama tunavyofanya sisi wote, ili mgeni aone haijaguswa. Nilipomwuliza kuhusu mashamba, hakukwepa. Alisema yeye mwenyewe alipelekwa kule akiwa kijana, kwa baba wa mwenye shamba wa sasa, akalala katika banda lilelile la kukaushia tumbaku. Alikohoa miaka. Alitoka na mtaji wa pipa lake la kwanza la mawese. Kwa kila kijana anayempelekea, mwenye shamba humshukuru kwa kitu kidogo, na yeye haoni kosa katika shukrani.

Nilikuwa nimejiandaa kumchukia, na nikajikuta namsikiliza. Nilimwuliza kama wakati ule angeweza kuondoka siku yoyote aliyotaka.

Alinishangaa. "Mutu anatoka wakati musimu unaisha," akasema. "Mbele ya hapo utatokea wapi? Mulango iko na kofuli."

Alisema hivyo kama mtu anayeeleza hali ya hewa. Nilirudi Kamenge na jibu hilo bila kujua la kufanya nalo. Nilimweleza avoka, alisema hayo ni mazungumzo, si ushahidi, na kwamba si mara yake ya kwanza kuona mtu aliyeumizwa akageuka kuumiza wengine. Nikamwuliza: sasa sheria inamweka upande gani? Alisema sheria inamweka upande wa kitendo chake cha mwisho. Sikuridhika, na bado sijaridhika sana.

Sherehe ya kuondoa msiba ilifanyika Jumamosi, nyumbani kwa mama mdogo, chini ya turubai la kukodi. Siku hiyo mjane anavua kitambaa cha msiba, na ukoo unasema mbele ya watu wote mambo yaliyobaki: nani atasimamia watoto, nani ana neno na marehemu. Kinachosemwa hapo kinahesabika kimesemwa. Ndiyo maana baba wa ubatizo alichagua siku hiyo. Alikuja na madumu ya urwarwa, pombe ya ndizi, akasimama na kusema marehemu alikuwa rafiki yake, na kwamba hawezi kuwaacha wanawe wakikaa bure. Alimsaidia mkubwa kuanza maisha, na sasa atamsaidia mdogo. Watu walipiga makofi. Mdogo alisimama, akainamisha kichwa kwa heshima, akakaa. Nilimtazama mama mdogo. Alikuwa anatazama mikono yake.

Kisha baba wa ubatizo akamimina. Sisi tuna desturi kwamba anayetoa pombe anaonja kwanza, ili anayepokea ajue hamna sumu. Hakuna anayeifikiria tena. Ni kama kupangusa mdomo. Baba wa ubatizo alionja, akameza waziwazi, akakipeleka kikombe kwa mtoto wake wa ubatizo, yule mkubwa, kwa mikono miwili.

Ndugu yangu alikipokea kwa mikono miwili. Halafu akakiweka chini, kati ya miguu yake, kikiwa kimejaa.

Ilichukua muda kidogo kabla watu hawajaona. Kukataa pombe kabla haijaonjwa ni jambo la kawaida; mtu anaweza kuwa mgonjwa, au mlokole. Kuikataa baada ya mtoaji kuionja, hilo sikuwahi kuliona. Ni kumwambia mtu mbele ya ukoo wake kwamba hata mdomo wake humwamini.

Baba wa ubatizo alijaribu kulifanya utani. Alisema Tanzania imemharibu, imemfundisha kunywa soda. Watu walicheka, wengine kwa kushukuru kwamba kuna cha kuchekea. Kikombe kilibaki pale. Nzi alitua ukingoni. Nilikuwa na maswali mengi kinywani, na kwa mara moja katika maisha yangu niliyameza, kwa sababu niliona mama mdogo amesimama, bega lake moja bado na alama ya kitambaa alichokivua.

"Pombe yako umeionja, pareni, tumeona wote," alisema kwa sauti ya chini, akimwita kwa heshima kwa jina la baba wa ubatizo. "Na kule unapeleka watoto wetu? Wako wa kwanza ni mukubwa kuliko huyu wangu. Yeye ulimupeleka lini?"

Alijibu kwamba mwanawe yuko shule.

"Basi hujaonja," alisema mama mdogo, na akakaa.

Mzee mmoja wa ukoo alikohoa na kusema labda haya yazungumzwe kando. Lakini mdogo, aliyekuwa amekasirika, alimgeukia kaka yake na kumtaka aseme leo, mbele ya watu, kule kuna nini, au anywe. Nilidhani atanyamaza kama siku zote. Hakumtazama mdogo wake. Alimtazama yule mtu aliyemshika mbele ya padri.

"Karangamuntu yangu iko wapi, papa? Ulinichukulia pale kwenye muto, ukasema isilowe. Mi nakuuliza tu. Iko wapi?"

Baba wa ubatizo angeweza kusema ilipotea. Ndugu yangu mwenyewe alikuwa ameshamtayarishia uongo huo, pale parke, na kuulinda. Badala yake alisema, polepole, kwamba aliikabidhi kwa mwenye shamba, pamoja na za wengine wote, maana ndivyo inavyofanywa. Ndivyo walivyomfanyia hata yeye. Nadhani alikuwa anasema kweli, na nadhani hakusikia alichokisema mpaka alipoona nyuso zetu.

Aliondoka kabla ya wali. Madumu yake yalibaki, na yakaendelea kunywewa, kwa sababu yalikuwa yameonjwa. Jioni nilipoenda kuchukua viatu vyangu, begi halikuwa tena nyuma ya mlango. Nikalikuta nyuma ya nyumba: mdogo alikuwa amelifungua na anaanika nguo zake kwenye kamba, ingawa zilikuwa safi, ili wapita njia waone zimetoka. Aliniambia nisimwulize kitu. Nilimwuliza kama amekasirika. Alisema ndiyo, na kwamba atakuwa amekasirika kwa muda mrefu, kwa sababu Jumatatu sasa haina kitu ndani yake.

Jumatatu hiyo tulikwenda tena parke, na safari hii mama mdogo alikuja nasi, akiwa na wanawake wawili ambao wana wao walikuwa katika kundi. Mwendesha mashtaka alikuwa yuleyule, na kalamu nadhani ileile. Alianza pale alipoishia: kama alilazimishwa kuondoka.

"Apana," ndugu yangu alisema. "Uliza ingine."

Mwendesha mashtaka aliniangalia. Nikakumbuka sebule, soda, na jibu nililolibeba hadi Kamenge bila kujua la kufanya nalo. Niliomba ruhusa, nikamwuliza ndugu yangu mimi mwenyewe: ukiwa kule, ungeweza kuondoka?

Akaanza na mlango wa banda: ulikuwa wa mbao za namna gani, ulifungwa na nani, kofuli lilikuwa upande upi. Mwendesha mashtaka akachukua kalamu.

Kesi haijaisha. Baba wa ubatizo aliitwa, akahojiwa, akarudishwa nyumbani asitoke mjini. Maswali yametumwa ng'ambo ya mpaka kuhusu mwenye shamba na vile vitambulisho, na majibu yanakuja kwa mwendo wao. Kundi la Jumatatu halikuondoka. Mdogo anauza vocha za simu karibu na hospitali na hajanisamehe. Mkubwa bado hana karangamuntu, kwa hiyo jioni hukaa nyumbani kwa kuogopa misako ya polisi, nami huenda kumtembelea. Juzi nilimwuliza: yule mfungwa aliyempa suruali, yeye mwenyewe alitoka gerezani amevaa nini? Akasema hajui, na kwamba anatamani tungemtafuta.