Kibati cha Leander Strickland

"Sitii sahihi! Hata ukinipigia magoti, Cyril, sitii!"

"Nani akupigie magoti? Yenyewe yalishaoza kwenye sakafu za chuo hiki. Dulcie, dada yangu, saa tisa na nusu hii. Ikigonga kumi umekwisha."

"Basi na nikwishe."

"Loretta! Mwambie huyu, mimi nimeshindwa."

Mimi nilikuwa nimekaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, mikononi nina kikombe cha chai ya maziwa ya kopo, kwa sababu viti viwili vya chumba kile vilikuwa vya wagomvi. Nilistaafu miaka sita iliyopita, lakini kila Alhamisi hushuka chini ya jengo la Sayansi, kwenye chumba cha chai cha wasafishaji, nikala mkate wa kukaanga na molasi na kusikia habari za chama. Ukitaka habari za chuo kikuu usiwaulize maprofesa, waulize wanaomwaga taka zao.

"Mwache anywe chai kwanza," nikasema. "Mtu haandiki jina lake na koo kavu."

"Siandiki hata koo likiwa bahari," akasema Dulcie.

Cyril Hynes ni mwakilishi wetu wa chama, mtu mwembamba mwenye masharubu kama ufagio uliochoka. Karatasi ya malalamiko aliishika kwa mikono miwili kana kwamba ingeruka. Kila kitu kilikuwa kimeandikwa, ila sahihi ya Dulcie Kearley. Mkataba wetu unasema hivi: ukionewa na mwajiri una siku kumi za kazi, basi; karatasi uitie sahihi wewe mwenyewe, na ifike mkononi mwa msimamizi. Siku zikipita, hata shahidi wako awe Mtakatifu Petro, hakuna wa kukusikiliza. Na ile ilikuwa siku ya kumi, na ofisi hufunga saa kumi.

Kosa lake? Barua ya msimamizi ilisema hakuonekana kazini siku tatu mfululizo, bila taarifa. Kwetu, siku tatu za utoro maana yake umeacha kazi mwenyewe. Hufukuzwi, unahesabiwa umeondoka, kama moshi. Miaka ishirini na saba amefanya kazi, bado mitatu apate pensheni kamili, na sasa Bwana Fowlow, msimamizi mpya, amemwandika moshi.

"Ulikuwepo au hukuwepo?" akauliza Cyril, mara ya mia.

Dulcie akatazama meza. "Sijui."

Hapo nywele za shingo yangu zikasimama, na mimi si mtu wa kusimamisha nywele ovyo.

Ni lazima mumjue Dulcie ni nani. Alizaliwa kisiwani, kwenye Ghuba ya Placentia, na serikali ilipowaambia watu wa visiwa wahame, baba yake hakukubali kuiacha nyumba. Aliifunga mapipa pande zote akaivuta baharini kwa mashua. Dulcie alikuwa na miaka minane, akakaa ndani ya nyumba hiyo inayoelea, paka darini, birika jikoni. Na walipofika ng'ambo, maji ya chai yalikuwa ndiyo kwanza yanachemka. Wanaosema ni uongo hawakuiona ile nyumba. Mimi niliiona, na alama ya maji ilikuwa ukutani.

Kisha akafika mjini hapa, St. John's, akapasua samaki kiwandani mpaka samaki wakaisha baharini, akaolewa na Eli Kearley aliyekwenda Alberta kutafuta kazi, na ambaye tangu hapo hurudi kila Krismasi kwa sura ya kadi. Alipoajiriwa chuoni hakujua kusoma, sawa na mimi. Tofauti ni kwamba mimi nilibaki hivyo hivyo. Yeye alifundishwa na Leander Strickland, mwakilishi wetu wa zamani, mlemle chumbani, kwa kitabu kimoja tu: mkataba wa pamoja. Wengine hujifunza kwa hadithi za sungura. Dulcie alijifunza kwa kifungu cha likizo ya ugonjwa.

Na Leander alimwambia neno moja lililomkaa rohoni: "Kilichoandikwa ndicho kilichopo, binti yangu. Mengine ni upepo."

Ndiyo maana nasema nywele zilisimama. Barua ilisema hakuwepo, na Dulcie aliiamini barua kuliko miguu yake.

"Ilikuwa wiki ya mapumziko ya wanafunzi," akasema polepole. "Nilipangiwa kusugua handaki, ile njia ya chini kati ya majengo, peke yangu. Nakumbuka kusugua. Lakini nimesugua lile handaki mara mia tatu, Loretta. Nitajuaje nakumbuka ipi? Hakuna aliyeniona. Hakuna aliyenisalimu. Na ile Jumatatu," akashusha sauti, "nilisahau mkate."

Mimi nikaweka kikombe gotini.

Watu wa kwetu hawapiti vichakani, wala penye ukungu, wala chini ya ardhi, bila kipande cha mkate mfukoni. Ni kwa ajili ya wenyewe, viumbe wale wadogo wa vichakani, ambao hatuwataji. Ukikutana nao bila mkate wanakuchukua. Shangazi yangu walimchukua akichuma matunda, akarudi baada ya siku mbili akidhani ni dakika tano, na viatu alivivaa kinyume, na mpaka kufa kwake alisikia muziki kila akichemsha viazi.

"Unafikiri walikuchukua," nikasema.

"Nafikiri nilisugua handaki lao, si letu. Na nikitia sahihi kwamba nilikuwa hapa nami nilikuwa kule, hiyo ni nini? Ni uongo juu ya karatasi."

Hapo ndipo tulipoisikia sauti. Nyuma ya mlango wa chuma wa handaki: shwaa, shwaa. Kituo. Shwaa.

"Ni mvuke kwenye mabomba," akasema Cyril upesi.

"Mvuke haupumziki kugeuza mkono," nikamjibu. Mimi nimeshika ufagio miaka thelathini na moja. Sauti yake naijua kuliko ya marehemu mume wangu.

"Usimtishe zaidi, bibi we!"

"Nani anamtisha? Wewe ndiye umekuwa mweupe kama chewa aliyekaushwa."

Nikasimama, nikaenda kwenye ubao wa vibati, huo ulio kando ya mlango wa handaki. Kila msafishaji ana kibati chake cha shaba chenye jina, kinaning'inia kwenye kulabu. Upande mmoja mweupe, upande mmoja mwekundu. Ukishuka, unageuza chekundu, na taa huwaka ofisini kwa mlinzi; ukipanda, cheupe. Ubao huo Leander aliupigania miaka miwili, baada ya mtu kufungiwa chini Ijumaa na kufunguliwa Jumatatu akiwa ameacha kusema. Tangu hapo imo kwenye mkataba: mlango wa handaki haufungwi kibati chochote kikiwa chekundu, na kikikutwa chekundu saa ya kufunga, msimamizi ashuke yeye mwenyewe, aite jina.

Na vibati vilipangwa kwa ukongwe kazini. Aliyetangulia kuajiriwa kulabu ya kwanza, anayefuata ya pili. Kulabu ilikuwa heshima. Wa kwanza alikuwa Leander, hata baada ya kufa, maana aliyefia kazini kibati chake hakiondolewi mpaka chama kikabidhi kwa jamaa zake. Leander hakuwa na jamaa. Moyo ulimsimama mlemle handakini, wakampandisha, wakageuza kibati chake cheupe, na tangu siku hiyo, mwaka wa tisa sasa, hakuna mkono uliokigusa. Wa pili alikuwa Dulcie.

Lakini siku ile nilipoutazama ubao, macho yangu ambayo hayajui herufi yalijua kwamba kuna kitu kimehama. Kibati cha Leander nakitambua kwa pembe iliyopinda. Hakikuwa pale.

"Nani kagusa ubao?"

"Fowlow," akasema Cyril. "Kapanga upya kwa majengo. Anasema ukongwe ni mambo ya kizee. Nilipinga, nikaandika, iko kwenye foleni."

"Lini?"

"Mwisho wa ile wiki ya... Ijumaa. Kabla ya mapumziko."

Tukatazamana.

"Dulcie," nikasema, "njoo hapa, mwanangu. Funga macho. Sasa shuka kazini."

"Loretta, huu si wakati wa michezo yako."

"Nishushe kazini mtu mmoja kabla sijafa. Funga macho."

Alifunga. Na mkono wake ukaenda wenyewe, kama mkono unavyokwenda kwenye swichi ya taa nyumbani kwako: juu kidogo, kushoto, kulabu ya pili. Vidole vikashika shaba. Vikaanza kugeuza.

"Fungua."

Akafungua. Kidoleni alikuwa na kibati chenye pembe iliyopinda.

Sijawahi kusikia mtu akipiga kelele bila sauti, lakini Dulcie alipiga. Akakiachia, akairudisha nyuma mikono yake kana kwamba imeungua. "Nimegusa cha marehemu. Siku tatu! Nimegusa cha marehemu siku tatu!"

"Siku tatu ulikuwepo," nikasema. "Fowlow alikihamishia kulabu yako, ukajiandika kwa jina lake, na chako kikabaki cheupe. Akapita saa moja asubuhi, akaona chako cheupe, akaandika mtoro."

Cyril alikuwa amekaa chini. "Niliona," akasema.

"Uliona nini?"

"Nilikiona chekundu. Cha Leander. Jumatatu nilipita kwenda chumba cha boila, nikakiona. Jumanne tena. Jumatano Ambrose wa boila naye akakiona. Mchana tukipita, kimerudi cheupe."

"Na hamkusema!"

"Tungesema nini, Loretta? Kwamba Leander amerudi kazini? Na kwa nani, kwa Fowlow? Ambrose aliapa hatashuka tena mpaka Pasaka. Nilidhani tukinyamaza atatulia."

"Mwakilishi wa chama," nikasema, "mwanachama wa kulipa ada anafukuzwa mbele ya macho yako, wewe unamlinda mwanachama aliyekufa!"

"Yeye naye alilipa ada!"

Nusura nicheke, lakini Dulcie hakuwa akicheka. Alikuwa akikitazama kibati kile kinavyoyumba, ting, ting, polepole, mpaka kikatulia upande mweupe. Uso wake ulibadilika. Woga haukuondoka, ila ulipata mahali pa kukaa.

"Iliandikwa," akasema. "Kumbe iliandikwa nilikuwepo. Ilikuwa tu mahali pasipo pangu."

"Ndiyo."

"Alinishikia zamu siku tatu."

"Ndiyo, mwanangu."

"Lete kalamu."

Cyril aliruka. Kwanza Dulcie alimfanya aongeze mistari miwili: kwamba ubao ulihamishwa bila chama kukubali, na kwamba Cyril Hynes na Ambrose, kati yao, waliona kibati cha Leander kikiwa chekundu siku zote tatu. Akausoma kila mstari kwa kidole, midomo ikicheza, kama alivyofundishwa. Kisha akaandika jina lake, herufi kubwa kubwa, nzito, kama mtu anayepigilia misumari ya mashua.

Saa tisa na dakika arobaini.

"Sasa kaipeleke," nikamwambia Cyril.

Akakuna kichwa. "Hapo ndipo penye shida. Nimepanda ofisini kwake mara mbili leo. Karani anasema ametoka, hajui atarudi lini. Lakini koti lake liko kwenye kigingi na buti zake zinachuruzika maji mlangoni. Anajua leo ni siku ya kumi. Amejificha mpaka igonge."

"Msukumie chini ya mlango!"

"Mkononi, Loretta. Mkataba unasema mkononi."

Dulcie akakaa, karatasi mapajani. Ukungu ulikuwa umejaa kwenye kidirisha kile cha juu, hata miguu ya wapitao haikuonekana. Nyuma ya mlango wa chuma, shwaa, shwaa, karibu zaidi sasa. Tulijifanya hatusikii, kila mtu kwa namna yake: Cyril alihesabu vigae, Dulcie alipapasa mfuko wa aproni yake, akatoa kipande cha mkate, akakitazama, akakirudisha.

Kisha tukasikia: *ting*.

Mimi nilikuwa nimesimama upande ule wa ubao, sikatai. Lakini kikombe nilikishika kwa mikono yote miwili, na hilo Cyril atawaambia, hata kama mengine yangu hayaamini.

Kibati chenye pembe iliyopinda kilikuwa chekundu.

"Loretta," akanong'ona Cyril, "sema ni wewe. Tafadhali. Sitakulaumu, sema tu ni wewe."

"Saa ngapi?" nikamuuliza.

"Kumi kasoro dakika kumi na sita."

"Na mlango wa handaki hufungwa saa ngapi siku ya Alhamisi?"

Akaitazama saa tena. Maana mlango hufungwa kumi kasoro robo. Mlinzi alikuwa ameshaona kwenye taa ya ofisini kwake kwamba kuna kibati chekundu, atapiga simu, na aliyejificha, hata awe chini ya kitanda cha mama yake, ni lazima atoke, ashuke yeye mwenyewe, aite jina, nasi tuko hapa na karatasi. Leander aliiandika hivyo kwa mkono wake.

Ngazi zikaanza kulia. Buti zilizoloa, moja, nyingine, bila haraka. Dulcie akasimama. Akainyoosha karatasi kwenye aproni, akaishika mbele yake kwa mikono miwili.

"Akiniuliza nani yuko chini," akasema Dulcie, "nimjibu nini?"

"Mwambie ukweli," nikasema. "Mwambie ni yule ambaye—"

Kitasa kikageuka. Bwana Fowlow akaingia na funguo mkononi, na kule chini ufagio ukanyamaza, na Dulcie akamnyooshea karatasi.