Siku Nyanya Alipokalia Kiti cha Dereva

Nakumbuka, mwanangu, asubuhi wafanyakazi wa mji walipokuja kupaka milia myeupe kwenye barabara kuu ya Kisii. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya sabini. Mimi nilikuwa msichana, nimetoka kwetu Birongo juzijuzi tu, najifunza kushona kwenye duka la nguo lililotazamana na barabara hiyo. Tuliacha cherehani zetu tukatoka kwenda kutazama. Walikuwa na kamba, ndoo za rangi na brashi kubwa, na walipaka polepole kama mtu anayepaka rangi sebule ya bibi arusi. Walipoondoka, walituacha tunaulizana: hii ni ya nini?

Mmoja alisema kuna mkubwa anakuja kututembelea. Mwingine akasema ni mpaka, na ukiuvuka utalipishwa ushuru. Mzee mmoja wa kanisani kwetu alivua viatu kabla ya kukanyaga, asije akachafua kazi ya serikali. Akina mama wa sokoni, na vikapu vyao kichwani, waliizunguka ile milia wakapita pembeni. Tulicheka sana, lakini nasi hatukujua. Ndipo askari mmoja kijana akaletwa asimame pale awafundishe watu.

Nyanya yangu Bosibori, mama yake baba, alikuwa akija mjini siku za soko kuuza ndizi. Alikuwa mtu wa kuuliza. Hata mahubiri ya Sabato yakiisha, alimfuata mhubiri hadi mlangoni na maswali yake. Basi siku hiyo akatua kikapu chake mbele ya yule askari.

"Mwanangu, hii rangi inafanya nini?"

"Mama, ukipita hapa, gari lazima isimame ikupishe. Ni sheria."

"Hiyo ni sheria nzuri. Na gari imeambiwa?"

Askari akacheka. "Dereva ndiye ameambiwa, mama."

"Na kama huyo dereva hajaniona?"

"Tutampeleka kortini."

"Mkimpeleka kortini, mimi nitakuwa wapi?"

Askari akageuka kuwavusha watu wengine. Usidhani Nyanya alikuwa akimfanyia mzaha. Alitaka kujua kweli. Alikaa kwenye baraza la duka letu sehemu kubwa ya siku, akitazama magari yanavyofika pale: lipi linapunguza mwendo mapema, lipi linangoja hadi dakika ya mwisho. Nilimpelekea chai akaisahau ikapoa.

Baada ya muda watu waliizoea ile milia, wakaanza kuiamini kuliko macho yao. Mtu alikuwa akifika ukingoni, anaingia barabarani huku bado anamalizia mazungumzo na mwenzake aliyebaki nyuma. Na kusema kweli, magari mengi yalisimama.

Kisha ikaja siku moja ya soko, mvua imenyunya, lami inateleza. Lori la duka moja lilikuwa limeegeshwa kando kabisa ya milia, wanashusha magunia ya unga. Kemunto, mama jirani yetu wa Birongo, alitangulia kuvuka, Nyanya yuko nyuma yake hatua chache. Kemunto alipita mbele ya lile lori lililosimama, na alipotokea upande wa pili, lori jingine lilikuwa likishuka kutoka upande wa Keroka. Nilisikia breki zikilia. Nilipotoka mbio nilikuta ndizi zimetapakaa barabarani, na Kemunto amelala chini anaita jina la mamake.

Alikuwa hai. Mguu ulikuwa umevunjika chini ya goti. Tulimfunga kwa leso, gari moja likajitolea kumkimbiza hospitali. Na alipoondoka tu, watu wakamgeukia dereva.

Mwanangu, umewahi kuona kundi la watu likibadilika? Ni watu unaowajua, uliosalimiana nao asubuhi, na ghafla huwatambui. Walimtoa yule dereva kwenye lori kwa kola ya shati. Alikuwa kijana, hata ndevu hazijajaa.

"Sikumwona!" alilia. "Wallahi, sikumwona!"

"Unadanganya! Mtu mzima na kikapu kichwani, usimwone?"

"Na hapa ni zebra, penye milia ya kuvukia!"

Mmoja alikuwa ameshaokota jiwe. Askari wetu alijaribu kuwazuia, lakini alikuwa peke yake. Ndipo Nyanya akapenya katikati, leso yake ina damu ya Kemunto, akasimama mbele ya kijana yule. Nilidhani atampiga kofi. Akamwangalia usoni kwa muda, akamwuliza kwa sauti ya kawaida, "Ulikuwa umeketi wapi?"

"Pale, nyanya. Nyuma ya usukani."

"Nataka nikae hapo."

Watu walishangaa, wakamgeukia yeye. Nyanya akamwambia askari, "Huyu anasema hakuona. Hawa wanasema aliona. Mimi nilikuwa chini, sijui mtu wa juu huona nini. Rudisheni lori pale lilipotoka, nikae, niangalie." Askari akakubali haraka, nadhani kwa sababu hakuwa na njia nyingine ya kumwokoa kijana. Lori likarudishwa nyuma kidogo. Nyanya, ambaye hakuwa amepanda lori maisha yake yote, akasukumwa juu hadi kwenye kiti cha dereva, miguu yake haifiki chini.

"Moraa!" akaniita. "Simama pale Kemunto alipokuwa."

Nikasimama mbele ya lile lori la unga, karibu na pua yake.

"Umeshasimama?"

"Nimesimama, nyanya!"

"Sauti naisikia. Mtu simwoni. Songa mbele."

Nikasonga hatua moja.

"Bado."

Nikasonga tena, kichwa changu kikatokeza. "Sasa nakuona," akasema. Nilipotazama, nilijikuta katikati ya njia ya lori, mahali ambapo breki yoyote isingenisaidia.

Hapo watu walianza kutaka kuona wenyewe. Yule mwenye jiwe aliliangusha, akapanda kitini, akashuka ametulia kabisa. Nyanya hakumwondolea dereva lawama. Alimwambia, "Ulipoona milia na hukuona kilichofichwa na lori hili, ulipaswa kupunguza mwendo. Sheria iko na Kemunto, si na wewe. Lakini uongo hukusema, na hakuna atakayekupiga kwa uongo ambao hukusema." Askari akaenda naye kituoni, salama. Mwenye lori la unga naye akaandikiwa kosa, na tangu siku hiyo hakuna aliyeruhusiwa kuegesha karibu na milia ile.

Kemunto alikaa na plasta muda mrefu. Yule dereva alikuja hospitalini na mamake kumwomba msamaha, na mwisho Kemunto akaupokea. Alirudi sokoni akichechemea, na kila alipofika pale alimshika Nyanya mkono, wakangoja pamoja.

Sasa nawe unakwenda kuishi mjini, mwanangu, kwenye magari mengi kuliko tuliyoyajua sisi. Vuka penye milia, usivuke ovyo. Hiyo ni haki yako, usimwachie mtu. Lakini ukifika kwenye gari lililosimama, simama nawe kwenye ukingo wake, chungulia, na usitoke mpaka umeona macho ya dereva na yeye ameona yako. Siku utakayoshika usukani, jua kuwa mahali usipoona pana mtu. Na watu wakikasirika, uwe wewe wa kuuliza kwanza.

Nenda. Mungu akufungulie njia mbele, akulinde ubavuni, na kila jioni akufikishe mlangoni kwako ukiwa mzima, miguu yako yote miwili.