Sawa, Hakuna Kosa

Ofisini walimwita Pilipili, na ukikaa naye meza moja wiki nzima huulizi sababu. Mwanamke huyu kazi yake ilikuwa kuandika programu za hospitali, na alichokichukia kuliko uvivu ni mtu kumwambia "kuna tatizo" halafu akanyamaza. Tatizo gani? Liko wapi? Sema, bwana, tusipotezeane muda. Sasa si unajua dunia ilivyo, unachokikimbia ndicho kinachokungoja mlangoni: akaolewa na Mkato.

Mkato alikuwa fundi wa ofisi hiyohiyo. Yeye ndiye aliyetengeneza chombo cha kukagulia programu za wenzake kabla hazijaenda kwa wateja. Jina hilo lilimganda kwa sababu alikuwa anakata maneno kama anayalipia, na chombo chake kilimrithi yeye aliyekizaa. Ukikosea, kinakuandikia "Kosa", basi. Wapi, utajijua mwenyewe. Watu wakilalamika, yeye huwajibu wasome mwongozo.

Siku moja Pilipili alimaliza programu ya kengele za wodini, ile ya mgonjwa kubonyeza kitufe kitandani ili muuguzi aje. Akakiamuru chombo kikague mafaili yote ya kengele, na badala ya kuyataja moja moja akaweka alama ya nyota, yaani "yote yaliyopo", kama wafanyavyo wote. Hakujua kwamba mafaili yalikuwa yamehamishiwa kwenye folda ya ndani, na nyota ya Mkato haiingii ndani. Ni sawa na kumtuma mtu akaangalie kama nyumbani kuna usalama, naye achungulie sebuleni tu, arudi aseme shwari. Chombo hakikupata faili hata moja, kwa hiyo hakikukagua kitu. Kikaandika kwa rangi ya kijani: "Sawa. Hakuna kosa."

Kengele zikaenda hospitali na ubovu uliokuwamo, ambao hakuna aliyeuona. Bibi mmoja akabonyeza, akabonyeza, hakuja mtu. Akashuka mwenyewe kwenda msalani, akaanguka, akavunjika nyonga.

Meneja akamsimamisha Pilipili mbele ya wote. Akamwambia kwamba hakukagua kazi yake, na kesho asubuhi kutakuwa na kikao cha kumfukuza. Pilipili akajitetea kwamba alikagua na chombo kikampa sawa. Meneja akamgeukia Mkato, akamuuliza kama chombo kina hitilafu.

Mkato akatazama viatu vyake. "Kinafanya kazi," akasema.

Jamani. Mke wako anamezwa mzima mzima, nawe unatetea chombo?

Jioni hiyo masufuria yalipigishwa kelele jikoni mpaka mama mkwe, aliyekuwa akiishi nao, akaja kuuliza kulikoni. Alipoelezwa, akatikisa kichwa. Akamwambia mkaza mwanawe kwamba huyu ndivyo alivyo tangu utotoni: alikuwa analia, anasema "naumwa", hasemi zaidi, unambonyeza kuanzia unyayoni ndipo ufike kwenye sikio. Kisha akamkabili mwanawe.

"Mficha maradhi, kifo humuumbua," alimwambia. "Kesho useme panapouma."

Mkato akasukuma sahani, akaenda zake chumbani.

Kwenye kikao meneja aliuliza tena swali lilelile. Mkato akakohoa, akasema tatizo lipo. Wakasubiri. Kimya. Pilipili alikijua kimya kile. Amekula nacho, amelala nacho, na leo kilikuwa kinakwenda na kazi yake.

"Liko wapi?" alimuuliza. "Hutoki humu mpaka uliseme."

Mkato akamgeukia meneja. "Mke wangu alikagua," alisema. "Chombo changu hakikupata faili lolote, kikamwambia sawa. Kilitakiwa kumwambia: nyota yako haijapata faili hata moja, hakuna kilichokaguliwa, jaribu folda ya ndani. Niliambiwa mwaka jana. Nikawajibu wasome mwongozo."

Hajawahi kusema maneno mengi hivyo, hata siku ya kuposa. Meneja akaufunga ule mjadala wa kufukuzana, akamwamuru Mkato aandike upya kila ujumbe wa chombo chake kabla hajagusa kazi nyingine. Wenzake wakampa Pilipili mkono wa pongezi.

Yeye hakuwasikia. Masikioni kulikuwa na maneno mawili tu, mwaka jana. Kumbe mume wake alijua. Alijua wakati bibi wa watu analazwa na nyonga iliyovunjika, alijua wakati yeye anasimamishwa kama mwizi, na akatazama viatu. Hasira aliyokuwa nayo kwa meneja ilikuwa ya mchezo ukiilinganisha na hii.

Njia nzima hakufungua kinywa. Nyumbani akavua viatu, akakaa, akatazama ukuta. Mkato akamzunguka, akamletea maji, akayarudisha jikoni hayajaguswa. Mwisho akachuchumaa mbele yake.

"Una nini, mke wangu? Niambie nimekosea wapi."

Pilipili akaacha ukuta, akamgeukia.

"Sawa," akamjibu. "Hakuna kosa."