Mrija wa Posa

Mwaka ule nilipotoka chuoni, wahitimu wachache tulipangwa kwenye kliniki ndogo ya Muhima ili tujifunze kuwahudumia watu wenye virusi vya Ukimwi. Dawa ya virusi vyenyewe hatukuwa nayo. Tulifundishwa kutibu kilichotibika: kikohozi, kuhara, vidonda vya ngozi, utando wa kinywani. Mimi niliogopa kila kitu. Nilinawa mikono, nikawaza kama nimenawa vizuri, nikarudi bombani. Wenzangu walisema sabuni ya kliniki itaisha kwa ajili yangu.

Daktari aliyetufundisha, mama mmoja mkimya, alikuwa na utaratibu wake. Kabla hujampima mgonjwa, ilikuwa lazima umuulize: wiki hii unataka uweze kufanya nini? Swali hilo lilininyima usingizi. Je, akitaka nisichoweza kumpa?

Ndipo akaja fundi wa malori kutoka Gatsata, mtu wa makamo aliyekwisha kujua kwamba ana virusi. Aliacha Kinyarwanda akanisemesha Kiswahili cha madereva, ili waliokaa kwenye benchi wasielewe. Nikamuuliza lile swali.

"Kunywa," akasema. "Jumamosi iko posa ya binti yangu. Wakwe wanakuja."

Nikamwomba afungue kinywa. Ulimi na koo vilikuwa vyeupe kama vimemwagiwa maziwa yaliyoganda. Hata kumeza mate kulimtoa machozi. Kwetu pombe ya posa hunywewa kwa mrija mmoja, kinywa hadi kinywa, na mwenyeji huonja kwanza. Baba akiukataa mrija, wakwe watadhani amewakataa wao. Na kwa jinsi alivyokonda, wangefikiria jambo jingine, na posa ingeishia hapo.

Vidonge vya kinywa vilikuwa vimeisha. Ilibaki dawa ya zambarau ya kupaka, ile inayoacha rangi popote inapogusa. Nikaanza kumweleza habari za rangi, kisha za mate, kisha za damu, nikazunguka na kurudi nilikotoka, mpaka akanikatiza.

"Dokta mdogo, wewe ungekunywa baada yangu?"

Nilimtazama mwalimu wangu. Alikuwa amesimama karibu na dirisha na hakunisaidia. Nilijua kwamba mate hayaambukizi. Nilikuwa nimeliandika jibu hilo kwenye mtihani nikapata alama zote. Sikuwa nimewahi kulijibu kwa kinywa changu.

"Ningekunywa," nikasema.

"Basi njoo."

Tulipatana apake mpaka Alhamisi, ili Ijumaa rangi ianze kufifia. Nilirudia maelekezo hayo mpaka mwalimu akaniambia kwamba huyu mzee anafungua injini na kuifunga, kupaka dawa hakutamshinda.

Jumamosi nilipanda Gatsata nikiwa nimevaa koti la kuazima. Fundi akanikalisha kando yake, akasema mimi ni rafiki. Wasemaji wa pande mbili walikuwa wakitaniana. Wakwe waliambiwa kwamba ng'ombe wao wa mahari wanachechemea. Msemaji wao akajibu kwamba wamechoka kwa kuikimbilia nyumba nzuri kama hii. Watu walicheka. Mimi nilikuwa nikitazama koo la fundi.

Chungu kikaletwa, na mrija ndani yake. Fundi aliinama, akavuta, akameza. Niliona koo likishuka na kupanda, na uso wake ukabaki umetulia. Akavuta tena, mara hii kwa sababu pombe ilikuwa tamu tu. Nilikuwa nimesoma miaka mingi, na sikuwa nimewahi kuona kitu kikubwa kama mtu huyu akimeza. Wote waliokuwepo waliona baba anakunywa pombe.

Kisha akanisogezea mrija. Ncha yake ilikuwa na zambarau.

"Asubuhi nilipaka tena," akaninong'oneza. "Niliogopa."

Upande wangu wa pili baba wa kijana anayeposa alikuwa tayari amenyoosha mkono. Kichwa changu, kilichozoea kupima kila jambo mara kumi, hakikusema chochote. Niliushika mrija kwa midomo, nikanywa taratibu huku nikiifuta ncha kwa ulimi, mpaka wakwe wakatania kwamba rafiki wa mwenyeji amekuja na kiu yake. Nilipoutoa, ulikuwa msafi.

Mkwe akaupokea, akanywa, akaisifu pombe. Nilipogeuka nimwangalie fundi, hakuwa ananitazama. Alikuwa anaitisha mishikaki.