Siku Nilipoanika Santuri

Ndoo ya plastiki ikisahauliwa juani mpaka ikalainika, hutoa harufu fulani nzito, kama ya mpira unaotaka kuungua. Wajukuu zangu hawaijali. Mimi huinuka nikaihamishia kivulini, kisha hukaa kidogo kabla ya kuendelea na kazi. Nitawaambieni sababu.

Nilikuwa na miaka minane, nyumbani kwetu Bagamoyo, miaka ya sabini. Mjomba aliyefanya kazi bandarini Dar es Salaam alituletea gramafoni ndogo ya betri, yenye mfuniko kama sanduku, pamoja na santuri moja ya wimbo wa dansi wa Kizungu ulioimbwa na wasichana watatu. Wimbo huo ulikuwa umevuma. Redioni ulipigwa, na vijana wa mtaani waliupigia mluzi wakienda kisimani. Kwenye jalada wale wasichana walivaa sare, magauni yanayomeremeta. Bibi aliwatazama kwa muda mrefu, kisha akasema, "Wake wenza wanaopatana hivi sijapata kuwaona."

Dada yangu Zuhura, aliyekuwa na miaka kumi na saba, aliufanya ua wetu ukumbi. Yeye alikuwa mwimbaji wa mbele, shoga yake Mwajuma wa kulia, na mimi wa kushoto, kwa sababu aliyekuwa wa kushoto aliolewa Kiwangwa. Maneno hatukuyajua hata moja. Tuliimba sauti zake tu, mikono tukiipeleka huku na huku kwa pamoja.

"Wewe, kiuno hicho umekiazima kwenye kinu?" Zuhura alinitania. "Hata mchi una madaha kukushinda."

Mwaka uliofuata akaanza kuhema akipanda ngazi mbili za baraza. Miguu ikavimba. Hospitali walisema moyo umetanuka, wakampa vidonge, na baadaye wakamwambia mama ampumzishe nyumbani. Mama alimpa vidonge, akamnywesha na kombe, zile aya zinazoandikwa kwa zafarani kwenye sahani nyeupe na kuoshwa kwa marashi. Akilala aliegemezwa mito mitatu, la sivyo pumzi ilimkatika.

Ijumaa moja, wanaume wakiwa msikitini, Zuhura aliniita. "Nataka kuusikia wimbo wetu."

Betri zilikuwa zimekwisha, na madukani hazikupatikana. Lakini kila nyumba ilijua dawa yake: unazianika, zinapata nguvu ya nyimbo mbili tatu. Nikazipanga zote sita juu ya bati la banda la kuku. Kisha nikaitazama santuri. Ilikuwa na vumbi na ukungu wa masika. Nikaiosha kwa sabuni kama tunavyoosha vyombo, nikailaza kando ya betri. Niliwaza kwamba kama jua linazipa betri nguvu, litaipa na santuri. Nikakaa hapo na kijiti, nikifukuza kuku. Harufu ile ilipoanza, nilidhani ndiyo nguvu inaingia.

Nilipoiinua, kingo zilikuwa zimejikunja kama papadi kwenye mafuta. Nikaipeleka ndani hivyo hivyo, maana sikujua la kufanya jingine. Betri zilifanya kazi. Sindano ikapanda, ikashuka, na wale wasichana wakaimba kama watu walioshikwa na kichefuchefu.

Zuhura akacheka. Kicheko kikamkata pumzi, midomo ikabadilika rangi, mama akamshika mgongo. Mimi nikaanza kulia.

"Usilie, mdogo wangu," alisema alipoweza. "Umewalewesha tu."

"Nisamehe, dada."

"Kaianike tena. Igeuze upande wa pili, itanyooka. Usiondoke hapo mpaka inyooke."

Nikaenda mbio. Niliilaza kifudifudi, nikaibonyeza kwa viganja mpaka bati likaniunguza, nikaiambia inyooke. Nilikuwa naigeuza mara ya tatu niliposikia mama, mle ndani, akimtamkisha Zuhura shahada ya mwisho, polepole, kama mtu anayemfundisha mtoto kuhesabu. Sikuingia. Santuri ilikuwa bado haijanyooka.

Kwa miaka mingi niliamini kwamba kicheko kile ndicho kilichommaliza dada yangu, na kwamba kicheko nilikileta mimi. Sikumwambia mtu. Mama amefariki bila kujua kwamba nililala na jambo hilo nyumba moja naye mpaka nikaolewa. Kama nilikosea kuamini hivyo, sijui hata leo.

Mwaka juzi mume wangu aliugua. Asubuhi moja, pumzi zake zikiwa zimeanza kuachana sana, na mwanetu amekaa karibu na kichwa chake, aliniambia nikamtafutie kofia yake ya vito, ile iliyodariziwa kwa mkono. Kofia ilikuwa juu ya goti lake. Niliiona, naye alijua nimeiona. Nikamtazama usoni. Ndivyo Zuhura alivyonitazama aliponituma kuianika santuri tena.

"Haya," nikamwambia, "ngoja nikuletee."

Nikaenda chumba cha pili, nikafungua kabati, nikaanza kupekua nguo moja moja.